Kibandiko cha Kumi na Saba

Daktari Hristova alinilaza kifudifudi kama mkate,
akanibandika mgongoni vibandiko ishirini na vinne,
kila kimoja na tone lake,
akaandika namba kwa wino wa zambarau.
"Usioge siku mbili. Usikune. Usiiname shambani."
Nikacheka.
Mwezi wa Mei, Kazanlak,
nani asiyeinama?

Kwetu waridi si ua, ni kazi.
Saa kumi alfajiri tumo kwenye mistari,
tunachuma kabla jua halijanyonya harufu,
aproni zimevimba kama waja wazito.
Bibi Stoyanka amechuma misimu hamsini na miwili,
vidole vyake vimeshika umbo la kikonyo.
Krimu yake, anayoikoroga mwenyewe jikoni
kwa nta ya nyuki na mafuta ya waridi,
nilipakwa nikiwa na siku tatu duniani.

Basi upele ulipokuja,
kope kwanza, kisha shingo, kisha nyuma ya masikio,
sikutafuta mchawi mbali:
losheni ya dukani, niliyoinunua Plovdiv,
yenye majina marefu kama treni ya mizigo.
Niliyasoma kwa lenzi ya babu ya kutazamia stempu,
fenoksiethanoli, parabeni hii, parabeni ile,
nikaitupa chupa kwa hasira ya aliyesalitiwa.
Nikazidisha krimu ya bibi, asubuhi na jioni.
Upele ukashukuru,
ukapanda mashavuni.

Siku ya kusomwa sikuona kitu.
Nilisikia tu kidole kikishuka mgongoni.
"Nikeli, hamna." Hereni zangu zikapumua.
"Parabeni, hamna."
Hamna? Nikakumbuka ile chupa jalalani,
imehukumiwa bila shahidi.
"Kumi na saba."
Kidole kikasita.
"Jeranioli."
"Ndiyo kemikali gani hiyo?"
"Ile unayonusa ukifungua dirisha."

Nikabisha. Nikasema ni ya asili, daktari, ni ya Mungu.
Akavua glavu taratibu.
"Uyoga wa sumu nao huota wenyewe."

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako.
Hawakusema kinaweza kuwa na harufu ya nyumbani.

Usiku huo nilijifunza kusoma upya, mtu mzima wa miaka thelathini na minne:
kwamba kilichotajwa kwanza ndicho kingi,
kwamba kikopo kidogo kilichochorwa kifuniko wazi
kinahesabu miezi tangu siku ya kufunguliwa,
kwamba "haina kemikali" ni maneno matupu,
maana hata maji ya kisima chetu ni kemikali,
na kwamba kimponyacho jirani
chaweza kunivimbisha mimi.
Jina refu si kosa.
Jina zuri si dhamana.

Kumwambia bibi kulinichukua siku nne.
Alisikiliza akiwa anachambua maharage.
Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha.
"Radka," akasema mwishowe.
Dada yake. Simjui, alikufa kabla yangu.
"Kila mavuno mikono yake ilipasuka,
macho yakaziba.
Tulimwita mvivu.
Baba alimpeleka kuchuma mstari wa mwisho, peke yake,
ili asituambukize uvivu."
Harage moja lilianguka chini.
Hakuna aliyeliokota.

Jumapili nilimkuta jikoni, sufuria motoni:
nta, mafuta ya alizeti, basi.
Alinusa, akakunja uso.
"Hii haina mtu ndani."
Lakini aliimimina kwenye kopo,
akaomba kalamu,
na kwa mara ya kwanza maishani mwake
akaandika kifunikoni kilichomo, na tarehe.

Nilipochovya kidole kupeleka usoni
alinipiga kofi la mkono.
"Kwanza kwenye kiwiko," akaamuru,
"usubiri hadi keshokutwa,"
utadhani yeye ndiye aliyenifundisha.